Ngazi Tatu za Heshima

Mjukuu wangu amebebwa na watu arobaini na watatu, na majina yao ninayo yote. Naweza kuanza na yule jirani aliyembeba siku ya kwanza kutoka zahanati mpaka nyumbani, nikashuka nao mmoja mmoja: nani alimbeba mgongoni, nani alimbeba mikononi kama mtoto wa kunyonya, nani alimdondosha kwenye tope akaja kuomba radhi na kuku mkononi. Nilipomwambia mwenyewe kwamba nataka kuyaandika majina hayo, alicheka.

"Bibi, usiandike hata moja. Ukimsahau mtu mmoja, atanuna mwaka mzima."

"Mimi sisahau."

"Basi utawaandika wote, na wale ambao hawajawahi kunibeba ndio watakaonuna."

Kwa hiyo majina nimeyaacha kichwani. Ninachoandika ni habari ya nyumba yake, kwa sababu niliona kitu pale ambacho umri wangu wote sikuwahi kukiona, na mimi si mtu wa kushangaa ovyo.

Nianze na nyumba kwa jumla. Mimi nilizaliwa Ngombezi, kwenye kambi za wafanyakazi wa mkonge. Baba alikuwa mkataji, mama alikuwa anaanika singa, zile nyuzi za mkonge, kwenye nyaya. Nyumba za kambini zilipangwa mstari, mlango kwa mlango, na sakafu zake zilikuwa sawa na ardhi ya nje. Aliyezijenga hakujisumbua kuziinua. Masika yakifika, maji yanaingia bila kupiga hodi. Mama anatupandisha kitandani wote watano, sufuria zinaelea, kuku wa jirani naye anaingia kujiokoa. Mama anakaa pale na miguu ndani ya maji, anasema, "Mkija kupata nyumba zenu, ziinueni. Mtu mwenye kwake halali sawa na kuku."

Nilipoolewa huku Kwamsisi, marehemu mume wangu alikuwa amejenga nyumba yenye msingi wa mawe unaofika magotini, na juu yake kizingiti cha mninga. Siku niliyoletwa niliinua mguu kukivuka kizingiti kile, nikajisikia nimekuwa mtu. Na sikuwa peke yangu. Huku kwetu msingi wa nyumba unatazamwa kabla ya bati na kabla ya dirisha. Mtu akiwa na uwezo anauinua. Mtu akijengewa na wenzake kwa kupendwa, wanauinua zaidi.

Mjukuu wangu aliletwa kwangu akiwa na miaka mitatu. Mama yake, binti yangu, alikuwa ametutoka, na mtoto alikuwa ametoka kuugua homa ile mbaya ya uti wa mgongo. Homa ilimwachia kichwa chake kizima, mikono yake mizima, na mdomo usiokaa kimya. Miguu iliondoka na homa. Nikamfunga mgongoni kwa kanga kama ambavyo ningemfunga mtoto yeyote, nikamvusha kizingiti. Sikuwaza. Mtoto anabebwa.

Ila mtoto anakua. Mgongo wangu ukaanza kukataa. Wakaingia majirani. Shuleni alikwenda kwa migongo ya watu na kwa baiskeli ya mwalimu mmoja, Mungu amlipe, jina lake ninalo. Watu wetu ni wema, nataka hilo lieleweke. Hakuna siku niliyoita mtu aje kumbeba, akasema hapana. Lakini alipokuwa mwanamke, mambo yalibadilika bila mtu kuyasema. Mwanamke mzima anabebwa na mume wa mtu. Mume wa mtu anamshika hapa na pale, kwa nia njema kabisa, na mke wa mtu amesimama pembeni anatazama angani. Kuna siku nilimwona anasubiri uani tangu adhuhuri mpaka karibu na magharibi, mvua inanyesha rasharasha, hataki kuita. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Nilikuwa nachagua wa kumwita, bibi. Sikumpata."

Nilidhani ana kiburi. Ndivyo nilivyodhani, siwezi kujisafisha sasa.

Baadaye akaenda Korogwe kujifunza kushona. Akafikia kwa mdogo wangu, ambaye hakuondoka Ngombezi, hapo karibu na mji, bado anaishi kwenye chumba kilekile cha kambini tulichokulia. Huko Korogwe ndiko alikopata kiti cha magurudumu. Sisi huku tunakiita baiskeli, yeye anatukataza. Nikaenda kumtembelea. Nilifika wakati hayupo, nikakaa na mdogo wangu ndani tunamenya muhogo, nikasikia kitu kinasaga kokoto nje. Kisha mlango ukafunguka, na mjukuu wangu akaingia.

Akaingia tu. Hakuita mtu. Magurudumu yalipita mlangoni kama vile hapakuwa na mlango, akazunguka, akasukuma mlango kwa kiwiko, akasema, "Shikamoo bibi, umefika saa ngapi?" Mimi kisu kilikuwa kimeshatoka mkononi. Mdogo wangu akaniuliza kama nimejikata. Nilikuwa natazama ile sakafu. Ile sakafu iliyomnyima mama usingizi, sakafu mbaya, sakafu ya kambi. Pale yalipokuwa yanapita maji, wakapita na kuku, na yeye alipita.

"Huku siombi, bibi," akaniambia. "Naingia, natoka. Jana nimetoka mara kumi na sita. Sikuwa na safari yoyote, nilikuwa natoka tu."

Sasa mtu angesema, bibi, hapo ulielewa. Sikuelewa. Nilifurahi, nikala muhogo, nikapanda basi nikarudi nyumbani na akili ileile.

Mwaka wa pili wa kushona ulipokaribia kuisha, akanipigia simu kwamba anataka kurudi Kwamsisi kufungua kazi yake. Wateja wapo, sare za shule zipo, na fundi wa kike hatukuwa naye. Mwenyekiti wa kijiji akalipeleka jambo hilo kwa watu, na watu wakasema tumjengee. Wakapanga msaragambo. Kila kaya ilete nguvu yake, kila siku ya Jumamosi, mpaka nyumba isimame, na tusimwambie mpaka iwe tayari, aje aione. Mzee mmoja, ambaye nitamwita mzee wa mawe, alitoa mawe aliyoyakusanya miaka mingi kwa ajili ya nyumba yake mwenyewe. Alisema kwa Kizigua maneno ambayo siwezi kuyageuza vizuri kwa Kiswahili, lakini maana yake ni kwamba yeye hana tena muda wa kuyalalia mawe.

Fundi mwashi alikuwa Msambaa aliyeshuka kutoka milimani zamani, akaoa huku. Wasambaa ni watani wetu, kwa hiyo kazi ile ilikwenda kwa matusi na vicheko. Sisi wanawake tulibeba mawe kichwani. Na mimi nilibeba, na magoti yangu haya. Msingi ukaanza kupanda. Ulipofika ngazi moja mtu akasema, mbona unaonekana wa kawaida? Tukaongeza. Ukafika ngazi mbili. Mzee wa mawe akasema, "Huyu msichana atatuvalisha kijiji kizima. Msingi wake uwe sawa na wa mwenyekiti?" Tukaongeza ya tatu. Kila ngazi shibiri nzima. Hapakuwa na msingi mrefu kama ule Kwamsisi, na ninaapa tulisimama pale tukautazama kwa furaha ya kweli.

Katikati ya kazi yeye alinipigia simu kwa habari nyingine, na mimi mdomo ukaniwasha, nikamdokezea. Akasema, "Bibi, waambie mlango uwe mpana."

Nikawaambia. Walifurahi sana. Mlango mpana! Ndiyo, fundi atapokea wateja, tena wengine wanene. Wakapeleka mbao kwa seremala, wakaweka mlango wa mbao mbili unaofunguka kushoto na kulia kama wa msikiti. Mlango mpana kuliko yote kijijini, juu ya ngazi tatu.

Siku nyingi baadaye nilimuuliza kwa nini hakutaja msingi. Alikata uzi kwa meno kwanza. "Sikuutaja kwa sababu nilidhani mnanijua," akasema.

Siku ya kuja kwake alishuka basi Mkata, akapakiwa na kiti chake kwenye gari la huku kwetu. Uwanja ulikuwa umefagiliwa. Wali na kuku vilikuwa tayari, dua ilikuwa imeshaandaliwa, wanawake tumevaa sare ya kitenge aliyoishona yeye mwenyewe bila kujua ni ya nini. Gari likasimama, akashushwa na kiti chake, vigelegele vikapaa. Akatazama nyumba. Nilikuwa natazama uso wake, kwa hiyo najua. Kwanza ulifunguka wote. Halafu macho yakashuka kutoka kwenye bati, yakaja mlangoni, yakashuka tena, na uso ukasimama.

Wanaume wanne walikuwa wamejipanga kumwinua pamoja na kiti, kama bibi harusi. Akainua mkono.

"Asanteni. Naomba niitazame kwa nje kwanza."

Akaanza kushukuru. Alimtaja kila mtu aliyebeba jiwe, jina kwa jina, maana tangu siku ile mdomo uliponiwasha nilikuwa nimemtajia wote kwa simu, na kichwa chake ni kama changu. Watu walilia. Wakala. Dua ikasomwa. Jua likaanza kugeuka, na yeye bado yuko uwanjani, kwa nje. Wale wanne wakaja tena.

"Haya mama, twende ndani."

"Hapana, kaka zangu. Leo sibebwi."

Mzee wa mawe akachukua bakora yake akaondoka bila kuaga. Mimi nikamsogelea mjukuu wangu nikamwambia kwa sauti ya chini, lakini kwa ukali, kwa maana nilikuwa na aibu mpaka kwenye masikio, "Unataka nini tena? Watu wameacha mashamba yao."

"Nataka kutoka nikitaka, bibi."

"Ingia kwanza ndipo utoke!"

"Nikiingia kwa mikono ya watu wanne, nitatoka kwa mikono ya nani?"

Nikakasirika zaidi.

Nyumba yangu ina kizingiti, kwa hiyo na huko alikataa. Akaenda kukaa kwenye banda langu la jikoni, ambalo sakafu yake ni udongo sawasawa na uwanja. Akaweka kitanda cha kamba upande mmoja, cherehani upande mwingine, mafiga katikati. Alikaa humo wiki tano. Alishona sare za shule na moshi machoni. Nyumba yake ilisimama kule na mlango wake wa mbao mbili, na mbuzi walipanda ngazi wakalala kibarazani.

Maneno yakaanza. Kisimani niliyasikia. Anaringa. Korogwe imemharibu. Kijiji kizima kimemwinamia, yeye anataka kijiji kilale chini kabisa. Mwanamke mmoja, rafiki yangu tangu tukiwa maharusi wageni huku, aliniuliza usoni, "Hivi mjukuu wako anataka tumjengee na ndege?" Nikacheka naye. Nilipofika nyumbani nikajuta kucheka, lakini nilicheka.

Na jambo lilikuwa zito, kwa sababu mkuu wa shule alitaka sare zote zishonwe na mtu mwenye sehemu yake, mlango wake, si jikoni kwenye masizi. Mzee wa mawe naye alisema wazi kwamba kama nyumba haitakiwi, apewe mwalimu. Mwenyekiti akamtuma mtu kuniambia: mkutano wa kijiji unakaa Alhamisi, jambo la nyumba litaamuliwa. Mjukuu wangu akajibu kwa yule mtu, "Mwambie mwenyekiti naomba mkutano ukae kwenye uwanja wa nyumba ile. Ofisini kwenu pia kuna ngazi."

Alhamisi ikafika. Watu walikuja wengi kuliko siku za kugawa mbegu. Yeye alikuwa amevaa gauni la kazi, futi yake ya kupimia imening'inia shingoni. Mwenyekiti akafungua, akasema lawama zipo, na yeye mwenyewe zimo moyoni mwake, lakini tumsikilize.

Hakuhutubia. Alimwita fundi mwashi.

"Mtani wangu, wewe ukija kwangu na kitambaa, nakata kwanza au nakupima kwanza?"

"Unanipima," akasema yule Msambaa, "tena unanipima mara mbili kwa kuwa nimejaa."

"Basi njoo unipimie nyumba. Kaa hapa."

Akashuka mwenyewe kwenye kiti, akakaa kwenye mkeka, akakisukuma kiti kwa yule fundi. Watu wakaanza kucheka. Fundi akakaa kwa madaha, akavuta kofia, akasema, "Leo mimi ni mwenyekiti wa kweli." Akasukuma magurudumu, akazunguka uwanja, watoto nyuma yake. Akaelekea nyumbani. Gurudumu dogo la mbele likagonga ngazi ya kwanza, tii! Akarudi nyuma, akaja kwa kasi. Tii. Akageuza kiti aingie kinyumenyume, akajivuta, akapindukia kwenye vumbi miguu juu.

Hapo utani ulimwagika. "Ninyi Wasambaa mmezoea milima," akapaza sauti mzee mmoja, "mmekuja tambarare hamjaona mlima, mkamjengea msichana wetu mmoja mlangoni!" "Mawe yalikuwa ya nani?" fundi akajibu kutoka chini, "Si ya Wazigua? Mimi nilipanga tu!" Watu walishika mbavu. Hata mjukuu wangu alicheka mpaka akapiga mkeka.

Fundi akainuka, akajikung'uta, akakaa tena. Mara hii hakufanya mzaha. Akasogea mpaka kwenye ngazi, akashika breki, akatazama juu kwenye ule mlango mpana alioufunga yeye. Kicheko kikapungua chenyewe. Akasema taratibu, kama anayezungumza na mlango, "Nimekufungia nje."

Mzee wa mawe alikuwa amesimama pembeni muda wote, hajacheka. Akauliza kwa sauti ya kugomba, "Na chooni je? Choo tumekujengea cha kisasa kule nyuma. Nacho hakifai?"

"Kina ngazi mbili, babu. Na mlango wake kiti hakipiti."

"Sasa siku zote ulikuwa unafanyaje? Huko kwa bibi yako?"

Akainamisha kichwa. Kisha akasema, si kwa nguvu, "Sinywi maji, babu. Mpaka jioni, nikijua bibi karudi shamba. Ndivyo nilivyozoea tangu darasa la tano."

Nimeishi na mtoto yule miaka zaidi ya ishirini. Nimempikia, nimemsuka, nimemuuguza. Nilikuwa namtilia maji kwenye kikombe cha bati, nikirudi shamba nakikuta kimejaa, nammwagia kuku. Kila siku nilimmwagia kuku maji yale. Nilikuwa nasema moyoni, mtoto huyu hana kiu, ni mtoto wa ajabu. Pale uwanjani, mbele ya kijiji, ndipo nilipokiona kile kikombe. Nikakaa chini. Rafiki yangu, yule wa kisimani, akakaa karibu nami akanishika mkono, wala hatukutazamana.

Mzee wa mawe alisogea hadi kwenye ngazi. Akaigonga ya kwanza kwa bakora. "Mawe haya niliyatoa kwa moyo," akasema. "Nayatoa tena. Vunjeni."

"Tusivunje, babu," mjukuu wangu akasema. "Msingi mmeuinua kwa heshima, ubaki. Tujenge njia ya kuufikia."

Akachukua futi yake. Alikuwa amejifunza kule Korogwe, kwa wale waliompa kiti: kwa kila shibiri moja ya kupanda, shibiri kumi na mbili za kwenda mbele, la sivyo mkono hauwezi na kiti kinarudi nyuma. Ngazi tatu, shibiri tatu. Shibiri thelathini na sita. Fundi akapima kwa hatua kutoka mlangoni, akapita uwanja, akapita mti wa mlimau, akaishia karibu kabisa na njia ya watu. Akageuka akatazama alikotoka. "Hii si ngazi tena, hii ni barabara ya Handeni," akasema. "Basi itachongwa," akasema mwenyekiti.

Jumamosi mbili. Sijawahi kuona watu wakifanya kazi namna ile. Siku ya kujenga msingi tulifanya kazi kwa vicheko. Safari hii watu walikuwa kimya, kila mtu anashindilia udongo kama anayefunika kitu. Fundi hakuweka jiwe bila kumuuliza. Alikuwa anamwita, "Njoo upime, mama," naye anapita na kiti juu ya udongo mbichi, anasema hapa panavuta kushoto, hapa pameinuka. Mtu aliyejenga nyumba miaka thelathini anapokea amri kutoka kwa msichana aliyekaa, na anaitikia. Mimi nilikuwa namimina uji nikawa nauacha unamwagika kwa kutazama. Choo nacho kikafunguliwa ukuta, kikapanuliwa, kikawekwa kiti cha zege alichokichora yeye kwa mkaa sakafuni.

Ilipokauka, hapakuwa na sherehe. Hakuitisha mtu. Asubuhi moja nilitoka nje na ndoo ya maji, nikaona jikoni hayupo. Nikatazama kule. Alikuwa chini ya mteremko, peke yake. Akavuta pumzi, akaanza kusukuma. Mabega yanapanda, yanashuka. Alipofika kwenye mlimau akapumzika, akaendelea. Kiti kilipanda polepole kama mtu anayeinuka kutoka kitandani baada ya ugonjwa mrefu. Akafika juu, akasukuma mbao mbili kwa mikono miwili, akaingia. Ndoo ilikuwa imejaa, nami nilikuwa nimeishika vilevile.

Kisha akatoka. Akaingia. Akatoka tena.

Sitaki kusema kwamba dunia nzima imebadilika. Hapa kijijini sasa wameandika kwamba jengo lolote la msaragambo, kabla ya kuchimba msingi, aitwe atakayelitumia. Nyumba ya muuguzi iliyojengwa baadaye ina mlango mmoja usio na ngazi, na wajawazito wanapita huo. Mjukuu wangu anaitwa sehemu. Ameshafika Handeni mara mbili kuwasemea wenzake kwenye vikao, na mara moja aliitiwa kikao chenye ngazi, akakaa nje akazungumza kupitia dirishani mpaka wakatoka wote wakamfuata. Mkata alimwendea mtu anayejenga vyumba vya kupangisha karibu na barabara, nami nilikuwepo. Alimwomba chumba kimoja tu, kati ya vyote, kiwe sawa na ardhi.

"Mama, wapangaji wangu wote wana miguu," yule mtu akasema.

"Leo, baba. Leo wanayo."

Yule mtu alicheka, akasema atafikiria. Tulipopita tena alikuwa ameshamaliza kujenga, ngazi kila mlango. Mjukuu wangu alitazama, akaandika kitu kwenye daftari lake la vipimo, akasema twende. Sikuona amevunjika. Mimi ndiye niliyetukana njia nzima.

Mzee wa mawe hupita kwenye mteremko ule karibu kila siku. Anasema anakagua kama mawe yake yamekaa vizuri. Magoti yake ni kama yangu, kwa hiyo namwelewa, sisemi kitu.

Ila jambo lenyewe nililotaka kuliandika ni dogo. Ilikuwa wiki ya kwanza baada ya kuhamia. Nilimpelekea maboga. Nikapanda mteremko, mkono kwenye ukingo wake, nikafika mlangoni nikausukuma kama nilivyozoea kusukuma kila mlango aliokuwa nyuma yake tangu utoto. Haukufunguka. Ulikuwa umefungwa kwa ndani.

Nikasimama pale na maboga. Mtoto niliyembeba mgongoni, aliyebebwa na watu arobaini na watatu, mtoto ambaye tulimweka tulipotaka na kumchukua tulipotaka, mlango wake ulikuwa umefungwa na aliyeufunga ni yeye. Nikagundua kwamba katika umri wake wote sikuwahi kumpigia hodi.

Nikapiga.

"Hodi hapa."

Ndani cherehani ikanyamaza. Nikasikia maji yanamiminwa kwenye kikombe, nikasikia anakunywa, taratibu, mpaka mwisho.

"Nani?"

Nikamtajia jina langu lote, na la baba yangu, kama mgeni.

"Subiri kidogo, bibi," akasema. "Nakuja kukufungulia."

Nikasubiri.